Dawa Iliyokuwa Udongoni

Wapendwa, sisi wa pwani ya Tanga tunaujua ukungu. Masika yakishika, huingia kwenye viatu, kwenye makopa ya muhogo, hata kwenye vitabu vyetu vya nyimbo. Ndugu zake, yaani fangasi, hushambulia na mwili: watoto hupata mapunye, na wagonjwa waliopungukiwa kinga huota utando mweupe kinywani.

Sisi wachungaji utando huo tunakutana nao tunapowapelekea wagonjwa Chakula cha Bwana nyumbani. Msharika anatamani kushiriki, lakini divai inamchoma. Hapo jamaa hutuuliza kwa sauti ya chini: tukishamwombea, kumpeleka hospitali si kupungukiwa imani?

Tuitazame dawa yenyewe ilikotoka. Mwishoni mwa miaka ya 1940, wanasayansi wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen akiwa New York na Rachel Brown akiwa Albany, walichunguza udongo wa mahali mbalimbali, wakitumiana sampuli kwa posta. Udongo umejaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, na baadhi yao hutengeneza kemikali zinazoua fangasi. Kemikali nyingi walizozipata ziliua fangasi, lakini zilidhuru na wanyama wa maabara. Hawakukata tamaa. Udongo wa shamba moja la Virginia ukawapa kijidudu kilichotoa nistatini, waliyoitangaza mwaka 1950. Mapato yake, zaidi ya dola milioni 13, hawakujichukulia. Yalikwenda kuendeleza utafiti. Rachel Brown alikuwa pia mtumishi mwaminifu katika kanisa lake.

Hata griseofulvini, vidonge vya mapunye, asili yake ni kuvu. Kuvu dhidi ya kuvu!

Kila Jumapili tunakiri kwamba Mungu ni Muumba wa mbingu na nchi. Basi nchi hiyo ni pamoja na udongo tunaoukanyaga, ambamo aliweka msaada kabla hatujajua kuuomba. Aliyetuumba kwa mavumbi hakuona aibu kutuponya kwa mavumbi. Daktari hashindani naye. Anapokea alichokwisha kukitoa.

Kwa hiyo tumwombee mgonjwa, kisha tumpeleke apimwe, maana utando huo mara nyingi huashiria ugonjwa mwingine. Akipewa matone, ayazungushe kinywani, ayameze, na dozi aimalize hata akijisikia nafuu. Kila tone ni jibu la sala, nalo lipokelewe kwa shukrani.