TONE CHINI YA GARI



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, wapenzi wanafunzi na wazazi, mwaka huu hatuandiki juu ya tajwidi wala mirathi. Tumeona tuandike juu ya kosa letu wenyewe, huenda likamfaa mwingine.

Gari la madrasa ni Toyota Hiace kuukuu, nasi ndio tunaoliendesha kuwarudisha jioni watoto wanaokaa mbali. Wakazi wa Pasiansi mnazijua njia zetu: ukiacha lami tu, unakutana na miteremko na majabali.

Asubuhi moja kijana wa darasa la tatu, aliyekuwa na zamu ya kufagia uwanja, alitufuata akasema, "Ustadhi, pale gari linapolala mchanga umeganda, na tairi la nyuma limelowa kwa ndani." Tukamjibu kwa mkato kwamba gari kuukuu halikosi kuvuja, akamalize kufagia. Na ilhali sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha ongeza mafuta ya breki mara mbili ndani ya mwezi mmoja, bila kujiuliza yanakwenda wapi.

Siku ya nne, tukiwa na watoto tisa garini, tulikanyaga breki kwenye mteremko, pedali ikashuka karibu na sakafu na gari likaendelea kwenda. Tukarudisha gia ya chini, tukavuta breki ya mkono, gari likaenda kusimama kwenye lundo la mchanga wa ujenzi. Alhamdulillahi, hakuumia mtu. Lakini mikono yetu ilitetemeka hata swala ya Magharibi.

Fundi alipofungua gurudumu alituonyesha mipira ya silinda ya breki imekwisha. Akasema, "Ustadhi, gari lilikwambia mapema." Tukanyamaza, maana aliyetuambia hakuwa gari peke yake.

Tokea siku hiyo tumejifunza kulikagua gari nyumbani, na kazi yenyewe haina gharama. Jioni liegeshe mahali pa tambarare, weka jiwe nyuma ya tairi, kisha tandaza chini yake maboksi yaliyokunjuliwa, kuanzia mbele hadi nyuma. Asubuhi, kabla ya kuwasha, yatoe uyatazame. Angalia mambo matatu: rangi, harufu, na mahali tone lilipoangukia.

Tone la kahawia au jeusi chini ya injini ni oili. Jekundu lenye utelezi huwa ni la gia boksi ya otomatiki au la usukani. La kijani, la waridi au la buluu, lenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yenye dawa. Zito lenye harufu kali linaloangukia katikati au nyuma huwa ni oili ya gia au ya difu. Jembamba, lenye rangi ya manjano hafifu au kahawia, likiwa upande wa ndani wa gurudumu, ni mafuta ya breki: hapo gari lisiondoke kabisa, aitwe fundi aje lilipo. Ukisikia harufu ya petroli, usiwashe gari wala kiberiti. Ama maji meupe yasiyo na harufu, baada ya kutumia kiyoyozi, hayo hayana neno.

Kisha pima oili kwa kijiti chake, na utazame kopo la breki na la rejeta kama vimo kati ya alama mbili. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Nawa mikono, na yafunike yaliyomwagika, kwani maji ya rejeta ni sumu, na utamu wake huwavuta watoto na wanyama. Oili chafu usiimwage mtaroni. Mitaro yetu huishia Ziwani, na maji ya Ziwa hilo ndiyo tunayotilia udhu.

Wanafunzi wetu mnaijua hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake huru na amtegemee Mwenyezi Mungu, akaamrishwa amfunge kwanza kisha ategemee. Tumeifundisha miaka mingi. Siku ile tulikuwa tumesoma dua ya safari, na ngamia wetu hakufungwa.

Jumamosi iliyofuata tulimsimamisha yule kijana mbele ya darasa lake, tukamwomba msamaha. Aliinama, akasema, "Nimekusamehe, Ustadhi." Sasa yeye na wenzake wawili ndio wanaotandaza maboksi kila Alhamisi jioni, na neno lao likisema gari lisiondoke, haliondoki, hata wazazi wakisubiri.

Wazazi, mtoto akiwaambia ameona tone, inameni mkatazame. Mwenyezi Mungu atujaalie kusikia ushauri, ujapotoka kwa mdogo. Amin.

Wabillahi tawfiq.