Maji ya krevete na maji ya mtoto



Ukitoka katikati ya Uvira kuelekea Baraka, ukiisha kupita bandari ya Kalundu, milima inasogea karibu na ziwa mpaka barabara inabakiwa na nafasi ndogo. Huku kaskazini, Kavimvira na mdomo wa Ruzizi, pwani ni mchanga na matope. Kule kusini ni mawe. Tulikwenda kwenye mawe hayo Jumamosi moja asubuhi: walimu watatu, wamama sita wa kikundi chetu na watoto kumi na wanne wa darasa la sita. Tulibeba bidoni mbili, ndoo moja yenye kifuniko na kipande cha pazia jeupe la kuvulia. Chandarua tulikiacha nyumbani makusudi, kwa sababu dawa inayoua mbu inaua pia kile tulichokuwa tunakitafuta.

Tulitafuta krevete, wale ambao vitabu vya Kiswahili vinawaita uduvi. Wengi mmewahi kuwaona bila kuwajua. Hawafiki sentimeta tatu, na mwili wao unapitisha mwanga kama plastiki. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina kumi za krevete ambazo hazipatikani mahali pengine popote duniani. Mukeke tunaowanunua sokoni nao wanawala, hasa upande wa kusini wa ziwa. Ukiinama penye maji ya magotini na kutulia kidogo, utawaona juu ya jiwe wakifagia. Ndiyo, wanafagia: vidole vyao vya mbele vina nywele kama brashi, na kazi yao mchana kutwa ni kukusanya utando laini wa kijani unaoota juu ya mawe. Mtoto mmoja alisema wanafanana na mama yake asubuhi. Mama yake alikuwepo, akacheka kuliko wote.

Penye kijito kinachoshuka kutoka mlimani hatukuona hata mmoja. Mawe ya pale yamefunikwa na udongo mwekundu. Mlima uliokatwa miti unashuka na mvua, na udongo ukilala juu ya jiwe, chakula cha krevete kinafukiwa. Watu wa Uvira walioona mto Mulongwe mwezi wa 4 mwaka 2020 hawahitaji kuelezwa mlima unaweza kuleta nini.

Siku ile hatukurudi na krevete hata mmoja, na watoto walinung’unika njia nzima. Tulirudi na maji, mchanga kidogo, majani ya majini na mawe manane yaliyofungwa katika vitambaa vibichi yasikauke. Masomoni lilikuwa linatungoja sanduku la kioo ambalo fundi wa madirisha alitutengenezea kwa mchango wa wamama. Linachukua maji karibu bidoni moja ya litri 20. Tuliweka kila kitu ndani, tukafunga kipande cha ndagala katika kitambaa chepesi, tukakiacha ndani ya maji kioze.

Hapo ndipo wengi walishangaa. Kwa nini kuozesha ndagala katika maji mazuri? Sababu ni hii. Kila mnyama wa majini anatoa uchafu, na uchafu huo unageuka amonia, sumu isiyoonekana kwa macho. Ziwani sumu inatawanyika na kuliwa. Ndani ya sanduku inabaki. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo ni sumu bado, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haidhuru ikiwa kidogo na ambayo majani yanaila. Bakteria hao wanakaa juu ya mawe na mchanga, na wanaongezeka polepole: wiki nne, tano, wakati mwingine sita. Ndagala ni chakula chao cha mwanzo. Kwetu jambo hili ni zito kuliko mahali pengine, maana maji ya Tanganyika yana pH karibu 9. Katika maji ya pH 7, amonia iliyo katika hali ya kuua haifiki asilimia 1. Katika pH 9, kwenye joto letu, inapita theluthi moja.

Vipimo tulitumiwa na dada wa mwalimu mwenzetu aliye Ubelgiji: vikaratasi vinavyobadilika rangi. Watoto walipima kila Jumatatu na Alhamisi, wakaandika ukutani. Amonia ilipanda, kisha nitriti, kisha zote zikashuka. Na wakati huo wote maji yalikuwa meupe kabisa! Hilo ndilo tulilotaka walione. Katika juma la pili, maji yenye sumu kali, mgeni yeyote angesema ni safi.

Katika juma la tatu, mama mmoja aliyekuja kufagia darasa aliona utelezi juu ya kioo, akakimbilia chupa ya javeli. Nia yake ilikuwa njema, na mkono wake ulikamatwa kwa wakati. Javeli ingeua wale bakteria wote na kuturudisha mwanzo. Lakini swali lilitoka papo hapo kwa msichana wa dawati la mbele: “Mwalimu, kama klore inaharibu maji ya krevete, kwa nini mnatuambia tuitie katika maji ya kunywa?”

Tulisimamisha somo la hesabu. Mwaka uliopita viti viwili vya darasa hilo vilikaa tupu kwa ajili ya kolera, na tunamshukuru Mungu watoto wote wawili walirudi. Kwa hiyo hatukutaka swali lile litembee mitaani bila jibu. Tulieleza hivi: krevete wanahitaji maji yenye uhai, bakteria ndani yake. Tumbo la mtoto halihitaji bakteria wa ziwa, maana kati yao anaweza kuwemo yule wa kolera, naye haonekani kama amonia isivyoonekana. Maji yanayomlea krevete hayafai kikombeni, na maji ya kikombe, yenye klore, yanamuua krevete. Tuliweka ndoo mbili zenye vifuniko vya rangi tofauti, na hakuna anayezichanganya.

Juma la sita, amonia na nitriti zikiwa sifuri, tulirudi Kalundu. Tulichukua krevete kumi na wawili tu.

Kuwatunza ni kazi ndogo kuliko kuku. Tunatoa litri 2 kila juma na kuweka litri 2 za ziwa. Maji yakipungua kwa joto tunajazia ya mvua, kwa sababu chumvi za ziwa hazipandi na mvuke. Mvua hiyo tunaikinga kwa beseni uwanjani. Ile ya mabati ina zinki, na zinki kama shaba ni sumu kwao. Mawe hatuyaoshi kwa bomba. Chakula ni utando wa mawe, na mara moja kwa juma jani la lengalenga lililochemshwa, linaloondolewa kesho yake. Umeme ukikatika hatuna hofu: hatuna mashine, tuna majani na krevete wachache.

Wawili walikufa siku za kwanza. Mara moja watoto walilia juu ya maiti ya tatu, kumbe ni ganda tu; krevete anavua ngozi ili akue. Sasa majike wawili wamebeba mayai chini ya tumbo, na watoto wamegawana zamu za kuchungulia wakati wa mapumziko. Wamama wanaotaka kuona waje Ijumaa saa nane. Mikono isiwe na sabuni wala mafuta, tafadhali.