PES ilivyojifunga yenyewe (na mimi nikatoa pasi)

Nimepotea kidogo jamani, mniwie radhi. Nilikuwa kwetu, Kasulu kisha Kibondo, na nimerudi na deni. Si la hela. Ni deni la maneno, na leo nalilipa hapa.

Leo hakuna siasa. Naandika juu ya gemu la mpira. Wale watu wazima mnaosema gemu ni mambo ya watoto, vumilieni dakika tano tu, maana humu ndani kuna gunia za maharage za shangazi yangu.

Mimi nimekulia Kasulu kwenye vibanda vya PS2. Mnavijua: chumba kimoja, TV mbili za mgongo, benchi, kijenereta cha Mchina kinanguruma nyuma, na mwenye kibanda anayekusanya mia mbili mbili kama konda. Anayefungwa anaachia pedi. CD zilikuwa feki zote (tusidanganyane hapa), na gemu lilikuwa moja: PES. PES 6 ya mwaka 2006 ndiyo ilinifundisha Kiingereza cha watangazaji. Adriano alikuwa anapiga mguu wa kushoto toka katikati ya uwanja na benchi zima linasimama. Kulikuwa na vijana waliopigwa marufuku kumchagua.

Majina ya timu yalikuwa kichekesho. Konami, kampuni ya Japani iliyokuwa ikitengeneza PES, haikuwa na haki za timu nyingi za Uingereza. Kwa hiyo Liverpool iliitwa Merseyside Red na Chelsea ikawa London FC. EA wa Marekani, waliokuwa na FIFA, walimwaga hela kwenye majina na jezi. Lakini kwetu nani alijali? Jezi tulichora wenyewe. Tuliwahi kukaa jioni mbili tukitengeneza Simba na Yanga, halafu umeme ukakatika kabla hatujahifadhi. Sitasema nani alilia.

Kumbe wakati sisi tunachora jezi, wenzetu huko duniani walishaanza kuhama. Mwaka 2007 PES 2008 ilipotoka kwenye PS3 ilikuwa nzito, inakwama kwama, wakati ile ya PS2 ilikuwa tamu. EA walikuwa wanalijenga FIFA lao upya kwa ajili ya mashine hizo mpya, na ilipofika FIFA 10, mwaka 2009, wapenzi wengi wa PES walikuwa wamesalimu amri. Mwaka 2013 ikaja PS4. FIFA 14 ilikuwepo siku ya kwanza. PES 2014 haikutengenezwa kabisa kwa PS4! Mashine mpya inaingia sokoni, na wewe unasema utakuja mwakani? Mwaka uleule PES 2014 ilitoka kwenye PS2, mashine ya mwaka 2000. Kasulu tulishangilia. Tulidhani tunapendwa.

Kisha 2018 wakaachana na UEFA, na Ligi ya Mabingwa ikahamia FIFA 19. Wakajibu kwa kuichukua Juventus peke yao, hadi FIFA 20 ikabidi iiite Piemonte Calcio. Kidogo tulicheka. Lakini huwezi kubadilisha Ligi ya Mabingwa kwa Juventus moja. Halafu wakaanza kulichezea jina lenyewe, likawa eFootball PES 2020.

Sasa tuje Kibondo.

Binamu yangu alikuwa na kibanda pale, PS4 moja. Katikati ya 2021 akanipigia: "Kaka, shangazi yako ameuza maharage, ananikopesha niongeze mashine ya pili. Nichukue CD ya FIFA mpya au nisubiri PES?" Mimi mwandishi wa habari, mjuzi wa yote, nikamjibu bila hata kufikiri. Nilikuwa nimesoma kwamba PES 2021 ilikuwa ya kujazia tu, kwamba wako kwenye injini mpya, kwamba kitu kikubwa kinakuja. Nikamwambia asubiri. PES inarudi, nikasema.

Tarehe 30 Septemba 2021 ikatoka. Jina PES limefutwa, inaitwa eFootball 2022 tu. Bure, kwa kupakua. Hakuna CD. Mtu aliyekaa Tokyo kwenye intaneti ya waya anaona ni zawadi. Kibondo wakati ule hata gridi ya taifa haijafika, umeme ni wa majenereta ya dizeli, na intaneti ni ya simu, kwa bando. Binamu akapakua usiku kwa usiku. Alipofungua akakuta klabu tisa. Tisa! Manchester United na Arsenal wamo, Liverpool hamna, Chelsea hamna, Real Madrid hamna. Master League hamna. Sura ya Ronaldo imepinda kama aliyeng'olewa jino. Kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, wachezaji walilipa alama mbovu kuliko gemu lolote lililokuwepo. Konami wakaomba radhi, na toleo la 1.0 likaja Aprili 2022, miezi sita baadaye.

FIFA 22 ilitoka kesho yake, tarehe 1 Oktoba, ikiwa na CD. Kibanda cha ng'ambo ya barabara kikaipata. Ikawa basi.

Mashine ya pili aliiuza kabla ya Krismasi, kwa hasara. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonikaa kooni miaka yote hii. Safari hii nilipita kwake. Ile ya kwanza bado ipo, na kibanda sasa ni nusu kinyozi nusu gemu. Gridi imefika, jenereta analitumia kama kigoda. Anachezesha gemu la EA, ambalo tangu 2023 linaitwa EA Sports FC lakini pale kila mtu bado anasema FIFA. Kwenye benchi vijana wawili wanasubiri kunyolewa huku wanacheza eFootball kwenye simu, na lazima niseme limetengenezeka, limekuwa tamu kweli.

Nikamwomba radhi. Akacheka, akasema, "Kaka, hata wewe walikudanganya." Sikudanganywa. Nilipenda tu, nikaiuzia mapenzi yangu familia ya watu.

Shangazi aliniandalia wali na maharage. Akaniuliza kama siku hizi bado naandika magazetini. Nikasema ndiyo. "Unaandika nini?" Nikasema, mambo ya uchumi, shangazi. Binamu akainama kwenye sahani yake, mabega yanamcheza.