Lango Likifungwa



Juma hili tumekaa wanne kupanga likizo ya kuteleza kwenye theluji katika milima ya Japani: wawili kwa skii, wawili kwa ubao mmoja wa miguu yote miwili. Tumechagua Niseko, kisiwani Hokkaido, mwezi Januari. Upepo baridi wa Siberia huvuka Bahari ya Japani, huchota unyevu, kisha huuangusha milimani ukiwa theluji kavu, nyepesi kama unga. Hakuba, palipofanyika mbio za skii za Olimpiki ya mwaka 1998, tumepaweka akiba.

Nauli na malazi havikututenganisha. Kamba ndiyo iliyotutenganisha. Huko Niseko, anayetaka kutoka nje ya njia zilizosawazishwa hupitia malango maalumu. Hatari ya maporomoko ya theluji ikizidi, malango hufungwa, na anayepenya chini ya kamba hunyang'anywa tiketi. Kijana wetu, hodari kutupita sote, akauliza: “Nivuke bahari kwa gharama yote hii, nikazuiwe na kamba?”

Nilimjibu kwamba theluji hiyo laini huficha mashimo kuzunguka mashina ya miti. Anayetumbukia kichwa chini aweza kukosa pumzi kabla wenzake hawajageuka. Nao waokoaji wana watoto wanaowangojea.

Basi tukaafikiana kabla ya kulipa: lango likifungwa, sote twabaki. Kijana alinyamaza siku tatu. Jana ameleta fedha zake.

Tujiulize, wapendwa: katika mipango yetu, je, tumekwisha kuamua mahali pa kugeukia?

Nawatakieni juma jema.