Kete ya Mwisho Inaangukia Wapi?

Mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo Mwanza, alikuja kwangu Bukoba likizo iliyopita akakuta bao langu mezani. Aliweka funguo zake katika shimo moja, sarafu katika jingine, akaendelea na mambo yake. Nikamwuliza kama anajua kile ni nini. "Si cha kuwekea vitu vidogo, Baba mdogo?" Kijana ni mzaliwa wa Muleba, na babu yake amezikwa Kamachumu. Jibu lake liliniuma, ndiyo maana naandika.

Bao nililijulia Kamachumu, kwenye kibaraza cha fundi cherehani. Ilikuwa 1972 au 1973. Mbele yake kahawa ya maganda ilianikwa juu ya mikeka, na wingu likitanda upande wa ziwani kila mtu aliacha alichokishika, mteja kwa mwenye duka, wakakimbilia kuikunja. Ndani kulikuwa na pipa la mafuta ya taa, gunia la dagaa, na pasi ya mkaa iliyotoa cheche kila fundi alipoipuliza. Harufu hizo zote zilikaa pamoja: kahawa mbichi inayokauka, mafuta ya taa, dagaa, kitambaa kinachoungua kidogo. Hadi leo nikipita ghala la kahawa, mkono wangu hutafuta kete.

Fundi alikuwa Mhaya wa hapo hapo, lakini ujana wake aliumalizia Unguja, akarudi na cherehani, kanzu mbili na bao la Kiswahili lenye nyumba, shimo maalumu la kuwekea akiba ya kete. Kete zake zilikuwa komwe za kijivu, zilizolainika kwa kushikwa. Alishona huku akicheza. Mguu uliendesha cherehani, jicho likasoma bao, na suruali za shule zilichelewa kwa sababu hiyo. Mama zetu walilalamika, hawakuhama.

Sheria hakunieleza. Nilisimama nyuma ya wachezaji msimu mzima wa kahawa, nimekatazwa kufungua mdomo, mpaka jioni moja akasogeza kigoda kwa mguu akasema, "Kaa." Tukapanga: kete sita kwenye nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya pembeni yake, na ishirini na mbili mkononi kwa kila mmoja. Alinifunga mkononi, yaani kabla sijamaliza kunamua, kuziingiza ubaoni kete za mkononi. Hakucheka, na waliokuwapo hawakucheka. Alipanga upya.

Kabla sijagusa shimo aliuliza swali lile lile: "Kete ya mwisho inaangukia wapi?" Nisipojua, sikuruhusiwa kunyanyua mkono. Nikitaja shimo lisilo lenyewe, aliniacha nicheze nione kwa macho yangu. Nikianza kuhesabu kwa kidole, alifunika mashimo kwa kiganja chake kipana, akangoja. Na kuhesabu kwa kichwa si kazi ndogo, kwani ukila, kete ulizokula unazisambaza kuanzia kichwa, shimo la pembeni la safu ya mbele. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, na mbele yake mwenzako ana kitu, unakula tena. Hana, unazoa zilizomo unaendelea, mpaka ulale kwenye shimo tupu. Mholanzi Alexander de Voogt, aliyeandika tasnifu juu ya mabingwa wa Zanzibar mwaka 1995, alivutiwa na jambo hilo hilo: mtu kuuona mzunguko mrefu wote akilini kabla ya kuucheza.

Kila anayejifunza huipenda nyumba yake kupita kiasi. Zinajaa pale kete kumi, kumi na mbili, naye anaziangalia kama ng'ombe zizini. Fundi aliniachia nizirundike. Niliposhikwa na tamaa nikaisafirisha nyumba mapema, kwa kuzisambaza kete zake zote, alisema tu, "Haya, imeondoka." Nyumba ikishasafiri, haiwi nyumba tena mpaka bao liishe. Somo kubwa zaidi lilikuwa safu ya mbele. Unaweza kuwa na kete ishirini nyuma, ukajiona tajiri, lakini mbele pakibaki patupu, umefungwa. Utajiri wa nyuma hauhesabiwi. Nilifungwa hivyo mara nyingi mno, na kila mara alisubiri niseme mwenyewe nilichokosea.

Vita vya Kagera vilipokuja, kibaraza kilipata wageni waliokimbia kutoka upande wa Kyaka na Missenyi. Baadhi yao walicheza kwa kanuni za omweso wa Waganda, ambao huli mpaka mashimo yote mawili ya mwenzako mbele yako yawe na kete. Mabishano yale yalikuwa matamu. Fundi alikubali kucheza kwa kanuni zao, akafungwa, akaomba wamfundishe. Mwalimu mzuri nilimjua pale.

Baada ya hapo miaka inakimbia. Maradhi ya UKIMWI yaliyotumaliza miaka ya themanini yalichukua wachezaji wa rika langu, kibanja baada ya kibanja. Fundi alikufa kwa uzee, duka likavunjwa. Nilihamia Bukoba nikawapata wachezaji Hamugembe, mpaka tetemeko la Septemba 2016 lilipoiangusha nyumba tuliyokuwa tukikaa mbele yake. Sasa penye kivuli kuna drafti ya vizibo vya soda, ambayo siichukii, na vijana wameinamia mikeka ya kubashiri, ambayo naichukia kweli. Wazee wachache waliobaki na bao wanacheza wao kwa wao. Kijana akisogea wanamfukuza, au wanamwambia "cheza hapa, cheza pale" mpaka bao liishe, aondoke bila kujua lolote.

Kijana wangu huyu si mvivu wa akili. Kwenye kompyuta anacheza Civilization, mchezo aliouasisi Sid Meier mwaka 1991: unaanza na kijiji miaka 4000 kabla ya Kristo, unacheza kwa zamu, unajenga dola. Alinieleza kwa furaha kwamba toleo la 2025 lina hata Buganda. Nilikaa naye usiku kucha. Alikuwa na mji mkuu wenye piramidi na kila fahari, na mpakani hakuna askari hata mmoja. Mchezo wenyewe ulimwashia alama kumwonyesha la kufanya, naye alizifuata. Jirani alipovuka mpaka, alinigeukia: "Nifanye nini, Baba mdogo?" Nikamwuliza jirani huyo baada ya zamu tatu atakuwa wapi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaonyesha mahali, na palikuwa penyewe. Kesho yake aliondoa funguo zake kwenye bao bila kuambiwa.

Bao linachezwa kwenye SHIMIWI, mashindano ya watumishi wa serikali, kwa hiyo watumishi wanaolijua wapo, Bukoba mjini na Muleba pia. Ninawaomba waende shuleni, Kamachumu, Nshamba, Rubya, Rwamishenye, jioni baada ya vipindi, wakiwa na bao na kete 64. Wasiwaonyeshe watoto pa kucheza. Wawaulize kete ya mwisho inaangukia wapi, na wawe na subira ya kungoja jibu.