Meza ya katuni Migori

Leo sina habari za PHP wala hifadhidata. Nataka kuwaeleza jinsi meza ilivyonirudishia hamu ya kuchora katuni. Anayetaka kucheka acheke, lakini asome hadi mwisho.

Mchana naandika programu za watu hapa mjini Migori. Usiku nilikuwa na filamu fupi ya sekunde 90 ambayo kwa karibu mwaka mzima haikusonga. Ni kisa cha Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la magadi karibu na Kendu Bay, kaunti ya Homa Bay. Wajaluo tunasimulia kwamba pale palikuwa na kijiji. Ajuza alifika usiku wa ngoma, akafukuzwa, mama mmoja tu akampokea, na maji yakawameza wengine wote. Aliyenisimulia ni nyanya yangu, na sauti yake nimeirekodi kwa simu. Macho yake yanafifia mwaka hadi mwaka, nami nilitaka aione filamu, si kuisikia tu.

Nilidhani ubunifu umenikauka. Jioni moja nikachukua saa, maana sisi watu wa programu hupenda kupima. Tangu kuingia chumbani hadi kuchora mstari wa kwanza: dakika 25! Toa sahani mezani, tafuta waya wa kibao cha kuchorea, ziba dirisha kwa sababu jua la magharibi linapiga kwenye skrini, ngoja diski kuukuu ifungue Blender. Baada ya kazi ya kutwa, nani anazo?

Nikaiweka filamu kando, nikashika chumba. Fundi wa mtaani alinitengenezea meza ya kazi tu, mtu asile juu yake, kimo chake sawa na viwiko vyangu. Dirisha sasa liko ubavuni. Ukuta nyuma ya skrini nimeupaka kijivu, kwani rangi kali hudanganya macho unapochagua rangi. Nikaweka dari, maana chini ya mabati matupu chumba ni tanuri, na mvua ikinyesha husikii kitu. Diski nikabadilisha kuwa SSD. Kibao hakichomolewi tena.

Kilichonigharimu zaidi ni betri ya asidi, volti 12, Ah 100, pamoja na inveta. Ni Wh 1,200, lakini ukiipenda betri yako usivuke nusu. Kwa laptopu ya wati 65 napata saa saba hivi.

Hesabu yenyewe: fremu 24 kwa sekunde, mara 90, ni picha 2,160. Kila moja huchukua sekunde 40 kupikwa, yaani saa 24 kamili. Umeme ukikatika? Hifadhi kila picha peke yake kama PNG, usitoe video moja kwa moja, na uikataze Blender kuandika juu ya picha zilizokwisha. Ukiwasha tena, inaendelea ilipoachia.

Na Blender ni ya bure, msisahau. Mwaka 2002 watu walichanga euro 100,000 kwa wiki saba ili msimbo wake uachiliwe huru. Filamu ya Flow kutoka Latvia, iliyoshinda Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa programu hiyo hiyo iliyo mezani kwangu.

Siku hizi nakaa na baada ya dakika mbili nachora. Kuna usiku nakaa robo saa tu, na bado kitu kinasonga.

Mwezi uliopita nilipanda matatu kupitia Awendo na Rongo hadi Homa Bay, kisha nyumbani, nikiwa na sekunde 38 zilizokamilika. Nyanya alisogeza uso karibu kabisa na skrini. Akatazama mara mbili. "Mjukuu wangu, huyu mzee mbona anatembea kama msichana anayeenda sokoni?"

Hatua ya fremu 12 nimeifanya fremu 20, na fimbo inagusa ardhi kabla ya mguu. Zimebaki sekunde 52.