Baruti ya Februari

Nilipoanza kulenga shabaha Bisley, huko Surrey, Uingereza, mwaka 2008, sikuwa na haja ya kuchagua risasi. Kwenye mashindano niliyoingia tuligawiwa pakiti palepale uwanjani, risasi za 7.62, zangu sawa na za jirani. Ukikosa, ulijilaumu mwenyewe au ukausingizia upepo. Kwangu mimi, niliyekulia Mombasa nikitungua maembe kwa manati, hiyo ilitosha kabisa.

Kisha nikahamia F-Class, mchezo ulioanzishwa na Mkanada George Farquharson. Ile F imetoka kwenye jina lake. Huko bunduki huegemezwa, darubini inaruhusiwa, na wengi hujijazia risasi wenyewe. Unachukua ganda la shaba lililokwisha kupigwa, unalirudisha katika umbo lake, unatia fataki mpya, unapima baruti, halafu unakandamiza kichwa cha risasi mdomoni mwa ganda. Mimi nilifanyia jikoni. Mke wangu alikubali kwa sharti moja: siku ya baruti jiko lisiwashwe. Tulikula mikate mingi mwaka ule.

Kama wageni wengi, nilitaka kasi. Kichwa cha gramu 10 cha .308 hakina budi kufika yadi 1,000 kikiwa bado kinaishinda sauti kwa mbio, la sivyo huanza kuyumba. Basi nikawa naongeza baruti kidogo kidogo, kila kipimo risasi tatu, shabaha ikiwa yadi 100. Kipimo cha juu kabisa kikanipa matundu matatu yanayofunikwa na kifungo cha shati. Nikashangilia peke yangu. Ilikuwa Februari, vidole vimekufa ganzi.

Julai nikaenda na risasi za kipimo hicho Stickledown, uwanja wa masafa marefu palepale Bisley. Jua kali. Tulikuwa tukipokezana, kwa hiyo kabla ya kila zamu risasi yangu ilikaa ikingoja ndani ya mtutu uliokwisha kupata moto. Baada ya mlio wa sita, mkono wa bolti ulikataa kunyanyuka. Niliupiga kwa kiganja ndipo ukafunguka. Nilipolitazama ganda, fataki ilikuwa imelala bapa kama sarafu. Baruti ikipata joto hutoa nguvu zaidi, nami niliipima wakati wa baridi hadi ukingoni bila kuiachia nafasi. Nikaacha kupiga. Usoni kwangu palikuwa na chuma ambacho kingeweza kupasuka.

Aliyenifuata pale nilipoketi ni mzee mmoja Mhindi, mzaliwa wa Nairobi. Aliligeuza ganda, akanirudishia.

“Kijana, wewe unatafuta mbio. Mimi natafuta mapacha.”

“Mapacha vipi, mzee?”

Akanieleza kwamba risasi mbili zikipishana kasi kwa mita 10 kwa sekunde, yadi 100 hutaona kitu, lakini yadi 1,000 moja itapanda juu ya mwenzake karibu shubiri nzima. Yale matundu matatu ya Februari yalikuwa bahati tu.

Ilinichukua misimu miwili kuanza upya. Niliteremsha baruti chini ya kikomo, nikatafuta kile kipimo ambacho ukizidisha chembe au ukipunguza chembe, tundu halihami. Nilijaribu risasi 20 badala ya tatu, tena siku ya joto, tena kwa masafa yale yale ya shindano. Maganda ya toleo moja sikuyachanganya na mengine. Kasi ilipungua na alama zikapanda.

Kulikuwa na ujinga pia. Mwaka mzima nilipima vichwa kimoja kimoja na kuvipanga kwa uzito, usiku baada ya usiku. Sikuona tofauti hata chembe kwenye shabaha. Upepo wa kilomita 5 kwa saa unaokata uwanja husukuma risasi ile zaidi ya nusu mita kufikia yadi 1,000, na mimi nilikuwa sijajifunza kusoma bendera! Siku hizi muda ule nautumia kutazama bendera.

Mzee alipoacha kupiga kwa sababu ya macho, alinipa mizani yake ya mkono, ile ya kizamani isiyotumia umeme. Naipenda kuliko ya kidijitali niliyonunua kwa bei mbaya. Ipo jikoni, mbali na dirisha, kwa sababu mtu akifungua mlango tu, mkono wa mizani huanza kucheza.